Kwaya Si Pambo

Muhula uliopita, katika kipindi cha mjadala, tulipewa mada ya kazi ya wimbo katika jamii. Mwenzetu mmoja akaleta mfano wa kwaya za mashoga na wasagaji wa Marekani zinazoimba kwa ajili ya vijana waliofukuzwa nyumbani, au waliofika mahali pa kutotaka kuishi tena. Hakufika sentensi ya tatu, darasa likacheka. Mmoja akauliza kutoka nyuma, "Wanaimba, halafu?" Mwingine, ambaye namheshimu kwa sababu ni msomaji, akasema watu hao hawaokoi watoto bali wanawawinda. Mwalimu akatazama saa, kipindi kikaisha, tukatawanyika.

Mimi sikufungua mdomo. Naimba sauti ya pili katika korali, ndivyo tunavyoiita kwaya hapa kwetu Lubumbashi, tangu nikiwa na miaka kumi, na mwaka huu natimiza ishirini na miwili. Kama kulikuwa na mtu mmoja darasani aliyepaswa kujibu, ni mimi. Jibu langu ni hili, limechelewa miezi minne, na sababu ya kuchelewa kwake nitaisema mwishoni.

Kwanza neno. Nitaandika "mashoga" kwa sababu ndilo lililoenea, ingawa najua wengi hulitamka kama wanatema. Wenzetu wa pwani wanajua kwamba mwanamke humwita rafiki yake wa kike shoga bila ubaya wowote. Neno halikuzaliwa likiwa tusi. Na ninapotaja kwaya za LGBTQ nawaweka ndani pia wasagaji, wanaovutiwa na jinsia zote mbili, waliovuka jinsia, na rafiki zao wasio katika makundi hayo, maana nao huimba humo.

Sasa, "Wanaimba, halafu?"

Twende San Francisco, mwaka 1978. Mwezi wa Oktoba mwanamuziki Jon Sims, aliyekuwa ameshaanzisha bendi ya mashoga mjini humo, aliwaita wanaume waje kuunda kwaya. Walikuwa hawajamaliza hata mwezi mmoja wa mazoezi ilipofika tarehe 27 Novemba. Asubuhi hiyo meya George Moscone na diwani Harvey Milk, ambaye alikuwa shoga na hakuficha, walipigwa risasi ndani ya jengo la halmashauri ya jiji. Aliyewaua, Dan White, alikuwa diwani mpaka wiki chache kabla. Usiku, maelfu ya watu walitembea na mishumaa hadi kwenye jengo lile, na kwaya ile changa, ambayo haikuwa imewahi kuimba mbele ya umati, ikasimama kwenye ngazi ikaimba wimbo wa dini wa Mendelssohn. Ndiyo ilivyozaliwa hadharani: msibani.

Mwenzangu, wewe umekulia mji huu huu. Umelala matanga. Umeiona korali ikiingia saa tano za usiku na sare zake, umewaona watu waliokuwa wamekaa kama magunia wakiinua vichwa. Ulimsikia nani akiuliza "halafu?" Kwenye matanga ya wajomba zako unajua vizuri kabisa wimbo unafanya nini. Ukifika San Francisco unasahau ghafla.

Na Milk mwenyewe alikuwa na habari ya vijana mdomoni kila mara. Katika hotuba zake alipenda kumtaja kijana aliyempigia simu kutoka Altoona, mji wa mbali kule Pennsylvania, na kusema kwamba vijana wa namna hiyo, walio peke yao katika miji midogo, wanahitaji kupewa tumaini kabla ya kitu kingine chochote. Wanaume waliosimama kwenye ngazi usiku ule walikuwa wameyasikia maneno hayo wiki kwa wiki. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba habari ya vijana ilibuniwa juzi ili kupata wafadhili.

Nije kwa ndugu yangu msomaji, aliyesema wanawinda watoto. Hoja yake ina umri mkubwa kuliko wazazi wetu wengi. Mwaka 1977 huko Miami, Florida, kampeni iliyojiita "Okoeni Watoto Wetu" iliongozwa na Anita Bryant ili kufuta kanuni iliyowakinga mashoga wasibaguliwe kazini na kwenye nyumba. Bryant alikuwa nani? Mwimbaji. Mwaka uliofuata California ikapigia kura pendekezo la kuwafukuza walimu mashoga katika shule za serikali, tena kwa jina la watoto, na wapiga kura wakalikataa tarehe 7 Novemba 1978, siku ishirini tu kabla ya Milk kuuawa. Kila mara mtoto anatajwa, na kila mara mtoto anayetajwa ni wa kufikirika: hana jina, hana sauti, yupo tu ili akingwe. Mtoto wa Altoona, aliyekuwa na sauti na akapiga simu, hamtaji mtu.

Tumtaje basi. Mwaka 2009 Caitlin Ryan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la San Francisco walichapisha utafiti juu ya vijana mashoga, wasagaji na wanaovutiwa na jinsia zote mbili. Waliokataliwa sana na familia zao utotoni walikuwa wamejaribu kujiua zaidi ya mara nane kuliko wale ambao familia zao hazikuwakataa au ziliwakataa kidogo tu. Mara nane! Vijana wote hao walikuwa na tabia ileile. Kilichowatofautisha ni mlango wa nyumbani, kama ulifungwa au uliachwa wazi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba vijana wa LGBT wako katika hatari ya kukosa makazi zaidi ya maradufu ukiwalinganisha na wenzao. Na mwaka 2019 shirika la Trevor Project, ambalo tangu 1998 hupokea simu za vijana wenye mawazo ya kujiua, liliandika kwamba kijana wa LGBTQ mwenye angalau mtu mzima mmoja anayemkubali alikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 40 wa kuwa amejaribu kujiua katika mwaka uliopita.

Najua mwalimu wetu wa takwimu atasema uhusiano wa namba mbili hauthibitishi kwamba moja imezaa nyingine. Sawa. Lakini hata yeye akiambiwa kwamba mtu mzima mmoja huenda ndiye anayesimama kati ya mtoto na kaburi, sidhani ataomba miaka mitano zaidi ya kupima.

Mtu mzima mmoja. Kwaya ina mia, mia mbili, mia tatu. Hapa ndipo wenzangu wanapokosea kuhusu kwaya, na kosa lao si la siasa, ni la kutoijua kwaya. Wanadhani kazi yake ni tamasha: sare, jukwaa, makofi, nyumbani. Aliyeimba anajua tamasha ni siku moja. Kazi ni Jumanne na Alhamisi, mwaka mzima, kwenye chumba chenye taa moja, mkirudia mstari uleule mpaka kichwa kiume. Kwaya inakuhesabu. Usipofika, anayesimama kulia kwako anasikia shimo sikioni kabla hajakuona kwa macho. Ni mahali pachache duniani ambapo kijana wa miaka kumi na saba ataambiwa na mzee wa miaka sitini, "Jana ulikuwa wapi? Bila wewe tulishuka nusu toni." Kwa kijana ambaye nyumbani ameambiwa bora angekufa, kuulizwa ulikuwa wapi jana si pambo.

Tena kuna jambo la wazee. Mwaka 1981 kwaya ile ya San Francisco ilizunguka miji kadhaa ya Marekani, na huko ilikopita kwaya nyingine zikaanza. Mwaka huohuo madaktari waliandika kwa mara ya kwanza juu ya ugonjwa ambao baadaye uliitwa UKIMWI. Jon Sims mwenyewe alikufa kwa ugonjwa huo mwaka 1984. Kwaya ya wanaume ina sauti nne; wao wana sehemu ya tano, ndivyo wanavyowaita wanakwaya waliokufa, na kwa hesabu yao wenyewe wamevuka 300. Ipo picha ya mwaka 1993 iliyopigwa wakiwa wamepanga safu: wanaume wachache tu wamevaa nyeupe wakitazama kamera, wengine wote wamevaa nyeusi na kugeuza migongo. Migongo ile inasimama kwa niaba ya waliozikwa. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara jicho langu, kwa mazoea ya korali, linahesabu besi zimebaki ngapi.

Fikiri maana yake kwa kijana. Mtoto wa kabila lolote hapa kwetu anamwona babu yake na kujua kwamba mtu kama yeye anaweza kuzeeka. Kijana shoga wa miaka ya tisini hakuwa na babu wa namna hiyo. Walikuwa kwenye ile migongo. Ndiyo maana nasema mwanamume wa miaka sabini, mwenye upara, asiye na sauti tena ya kusifiwa, akisimama safu ya nyuma akiimba huku ameshika miwani, amefanya kwa kijana aliyekaa ukumbini kitu ambacho kitabu cha ushauri nasaha hakiwezi. Yupo. Amefika huko.

Mpaka hapa nimewatetea. Lakini sikuandika ili kuwapaka mafuta, na kuna mambo yao mawili yasiyonipendeza.

La kwanza ni ile ahadi. Mwezi wa Septemba 2010, baada ya vijana kadhaa wa Marekani kujiua kwa kuonewa shuleni, mwandishi Dan Savage na mwenzi wake Terry Miller walirekodi video wakiwaambia vijana kwamba maisha yatakuwa mazuri baadaye. Maelfu wakaiga, hata Rais Obama. Kwaya ya San Francisco ikamwomba Stephen Schwartz, mtunzi wa tamthilia ya muziki ya Wicked, awatungie kazi kutokana na ushuhuda wa video hizo. Mwaka 2012 wakaimba Testimony. Kazi hiyo inaanza na watu wanaokiri kwamba walitaka kufa, na inaishia kwa watu haohao wakishukuru kwamba hawakufa. Nimeisikiliza usiku, vipokea sauti masikioni, na sitajidai kwamba sikulia.

Lakini asubuhi niliamka na swali. Kumwambia mtoto wa miaka kumi na minne kwamba akifika thelathini atafurahi ni kumkopesha kitu ambacho leo hawezi kukila. Miaka kumi na sita ni mingi kuliko umri wake wote. Leo jioni anarudi nyumba ileile. Nani atakuwa naye Jumanne? Wimbo wa kungojea ni mzuri kwa aliyekwisha kuvuka. Ni yeye anayeujua mwisho wa hadithi.

Ndiyo maana nawapenda zaidi wale waliofanya jambo dogo kuliko Testimony, jambo lisilo na mtunzi maarufu. Seattle walianzisha kwaya ya vijana wenyewe mwaka 2002, Diverse Harmony, mashoga na wasio mashoga pamoja. New York wakafuata mwaka 2003 na Youth Pride Chorus. Washington, kwaya ya wanaume ikazaa kwaya ya vijana iitwayo GenOUT mwaka 2015. Los Angeles na San Francisco waimbaji huenda mashuleni, wakaimba na kisha wakakaa kuulizwa maswali. Hapo kijana hatumwi kusubiri miaka kumi na sita. Anapewa karatasi ya noti, anaonyeshwa pa kusimama. Hata fedha zina historia ya namna hiyo, ya karibu na ya mkono kwa mkono: kwaya ya wanaume mashoga ya London ilianza mwaka 1991 kwa watu wachache kuimba nyimbo za Noeli katika kituo cha treni cha Angel, wakichangisha kwa ajili ya shirika la wagonjwa wa UKIMWI. Anayeuliza "halafu?" ajibiwe na lile kopo la sarafu.

La pili ni kejeli. Mwaka 2021 kwaya ya San Francisco ilitoa video ya wimbo wa mzaha uliowakejeli wanaosema mashoga wanawinda watoto. Ulikiri kwa utani kwamba ndiyo, wanawajia watoto wenu, ili wawafundishe uungwana na kuwaheshimu wengine. Kilichofuata ni vitisho, hata vya kuuawa, kwa waimbaji. Nawalaani waliotisha. Wala sisemi kwamba wimbo ulikuwa na ubaya. Kama fasihi, ni kejeli safi, na ndugu yangu msomaji angepaswa kuitambua, maana kejeli tulifundishwa mwaka wa kwanza. Lawama yangu ni nyingine: wimbo ule uliimbwa kwa maadui. Mtoto hakuwemo. Aliyekaa sebuleni na baba yake, baba akiitazama video ile na kuchemka, nani alimfikiria? Kwaya iliyozaliwa ikiimba kwa ajili ya waombolezaji ilijisahau dakika chache, ikaimba kwa ajili ya wachokozi wake. Huwatokea hata watu wazuri.

Miaka minne kabla ya kosa hilo walikuwa wamefanya kinyume chake kabisa, na hili ndilo nililotaka kulisema darasani. Oktoba 2017 waimbaji wapatao 300 waliacha San Francisco, mji unaowapigia makofi, wakaenda majimbo ya Kusini: Mississippi, Alabama, Tennessee na Carolina zote mbili. Mississippi na North Carolina zilikuwa zimepitisha sheria dhidi yao mwaka uliotangulia. Ziara waliipa jina la kalamu ya rangi ya zambarau ambayo Milk alimpa Moscone atie sahihi kanuni ya kuwakinga mashoga. Na hawakwenda peke yao: walifuatana na kwaya ya injili ya Oakland, Oakland Interfaith Gospel Choir. Filamu ya safari hiyo, Gay Chorus Deep South, ilitoka mwaka 2019.

Aliyewaongoza ni Tim Seelig, na maisha yake ndiyo hoja yangu. Seelig alikuwa kiongozi wa muziki katika kanisa kubwa la Baptist huko Houston, Texas. Kanisa ndilo lililomlea kimuziki. Alipokiri kwamba ni shoga, akiwa na miaka thelathini na mitano, alipoteza kazi, ndoa na kanisa lake. Aliondoka na kitu kimoja ambacho hawakuweza kumpokonya, akaenda kukitumia Dallas miaka ishirini, kisha San Francisco. Katika filamu tunamwona akirudi Kusini na uchungu wake wote, akikaribishwa kuimba ndani ya kanisa la Baptist mjini Greenville, South Carolina. Anaogopa. Mzee mwenye mvi, aliyesimama mbele ya maelfu, anaogopa viti vya kanisa.

Nilipofika hapo nilisimamisha filamu. Maana kilichonijia si Marekani.

Kabla sijasema ni nini, nimalize na wale watakaoniambia haya ni mambo ya Wazungu. Je, sauti nne tunazoimba kila Jumapili zilitoka Kasenga? Zililetwa na wamisionari, na vitabu, na kinanda. Tukazichukua, tukazifanya zetu. Misa Luba, inayotajwa mpaka leo duniani kote, ilitoka Kamina, katika Katanga hii hii, kwa wavulana waliokusanywa na padre Guido Haazen, Mbelgiji, na mwaka 1958 wavulana hao wakaenda kuimba Ulaya. Hakuna aliyesema basi turudishe sauti ya tatu kwa wenyewe. Tunakumbuka kwamba kitu ni cha kigeni siku ile tu kinapotudai huruma.

Na wala hatuwezi kujificha nyuma ya sheria. Burundi tangu 2009 inafunga. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2023, kile inachokiita kuhamasisha kinaweza kumpa mtu hadi miaka 20 jela. Mwenzangu wa Kampala asingeweza kuitia jina lake makala hii. Sheria ya Kongo haina kifungu kinachotaja jambo hili. Sisi wanakorali tulitenda bila kulazimishwa na hakimu yeyote.

Nilisema nitaeleza kwa nini nilichelewa.

Katika korali yetu alikuwepo mvulana wa miaka kumi na sita, sauti ya tatu. Sitasema parokia, sitasema mtaa. Alikuwa na sikio ambalo sijaliona kwa mtu mwingine: mkikosea nusu toni alikuwa anakunja uso kabla kiongozi hajainua mkono. Siku moja ujumbe aliomwandikia mvulana mwenzake ulitoka kwenye simu moja ukaingia nyingine, ukafika kwa kamati. Baada ya misa tulibaki. Yeye hakuitwa. Mwenyekiti alisema korali ni madhabahu, na kwamba lazima tuwalinde watoto. Hakuna aliyegundua, au aliyegundua hakusema, kwamba katika chumba kile mtoto aliyezungumziwa alikuwa mmoja tu, na ndiye tuliyekuwa tunamtoa. Tukaombwa kuinua mikono. Niliinua wangu. Siwezi kusema nililazimishwa. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia, nikainua.

Baba yake alizipata habari kwetu. Si kwa mwanawe, si kwa jirani: kwetu, kanisani, Jumapili iliyofuata. Wiki hiyohiyo kijana akaondoka nyumbani. Miezi miwili baadaye mtu akasema amemwona Kasumbalesa, mpakani, akibeba mizigo ya wafanyabiashara wanaovuka kutoka Zambia. Tangu hapo, kimya.

Kwa hiyo darasa lilipocheka, mkono wangu uleule ulikuwa juu ya dawati. Ningemjibuje yule aliyeuliza "Wanaimba, halafu?" Sisi tuliimba miaka mitatu na mtoto yule, halafu. Wale tunaowacheka walisafiri kilomita elfu kadhaa kwenda kuimba penye mtoto kama yeye. Sisi tulikuwa naye kwenye safu ileile, begani kwa bega, na tukaona ni mbali mno.

Najua baadhi yenu mtasoma makala hii na kuanza kuulizana mwandishi ni nani kwa tabia. Ulizaneni. Swali langu kwenu wanakorali, na katika chuo hiki tuko wengi, ni moja: mikono mingapi mmeinua? Na kwenu wahadhiri wetu mnaotufundisha kwamba nyimbo ni kioo cha jamii: kipindi kile mlitazama saa. Naomba mada hiyo irudi kwenye ratiba, na safari hii ipewe saa mbili.

Mwezi uliopita nilipata namba ya kijana yule kwa binamu yake. Nilimwandikia kwamba Pasaka tumeimba bila sauti ya tatu inayoeleweka, kwamba mkono wangu ulikuwa mmojawapo, na kwamba naomba radhi. Alijibu baada ya siku mbili: "Nani?" Nikaandika jina langu. Alama mbili za buluu zikatokea palepale. Naendelea kungoja.